Kimya Kabla ya Ubeti wa Tatu

…lakini mvumo bado upo, mwembamba, mkaidi, kama mbu aliyejificha nyuma ya pazia, na friji ameshaizima, chaja ya kompyuta ameshaichomoa ukutani, waya wa maikrofoni ameuhamisha mbali na waya wa umeme maana alijifunza kwa jasho kwamba nyaya hizo mbili zikilala pamoja huzaa kelele, sasa hii imezaliwa na nani, Orpah anajiuliza, hedfoni zimembana masikio, kidole kinaelea juu ya kitufe cha kurekodi, na huko nje, ng'ambo ya dirisha aliloliziba kwa godoro, mawingu yanajikusanya juu ya vilima vya Manga, hana haja ya kuyaona, mvua ya Nyamira haipigi hodi, alasiri ikifika na yenyewe imefika, na ikishaanza kutwanga mabati hakuna programu itakayoitenganisha na sauti ya mtu, ukiondoa mvua unaondoa na mwimbaji, unabaki na kitu kama mtu anayeimba akiwa ndani ya debe, alishajaribu, ubeti wa kwanza uliharibika hivyo akaurudia, wa pili ukaharibiwa na jogoo, na sasa umebaki huu wa tatu, ubeti mmoja tu, Mungu wangu, kisha wimbo umekamilika na Jumapili utachezwa kule Magwagwa kwenye shukrani ya mama mkwe wake, Mama Nyanchera, aliyeteleza kwenye shamba lake la chai wakati wa mvua ndefu akavunjika nyonga, watu wakasema huyo hainuki tena, na ameinuka, anatembea kwa magongo, wanawe wanachinja, na Orpah alisimama mbele ya ukoo wote akasema, mimi nitaleta wimbo, nitautunga mwenyewe na kuurekodi mwenyewe, na ukoo ukanyamaza kidogo, kimya cha ajabu, yeye alidhani ni heshima… labda ni feni, feni ya kompyuta hii imechoka, inavuta pumzi kama mzee anayepanda kilima, anaisukuma kompyuta hadi mwisho wa meza, anaweka mto kati yake na maikrofoni, anasikiliza, mvumo umepungua, haujaisha, anakizungusha kile kitufe cha duara cha kuongeza nguvu ya maikrofoni karibu hadi mwisho ili aiwinde kelele vizuri, na sasa chumba kizima kinamwingia masikioni kikiwa kikubwa kupita kiasi, mbao ya dari ikijinyoosha, kitambaa cha blauzi yake kikigusa meza, mate yake mwenyewe akiyameza, ala, mtu ana kelele nyingi namna hii na hajui.

"Mama Brandon, uko sawa huko?" Ni Alfayo, mumewe, kutoka veranda, na sauti yake inamgonga masikio kama sahani iliyoanguka, anarudi nyuma kwenye kiti, anajibu kwa kelele, "Niko sawa, nyamaza!" kisha anaona haya, maana Alfayo ndiye aliyekaa nje tangu baada ya chakula akilinda kimya chake, amewafukuza kuku, amemwendea jirani akamsihi asiwashe ile mashine ya kukata majani ya ng'ombe, amewaambia vijana wa bodaboda wanaoegesha kwenye njia ya Sironga wapige honi mbele kidogo, "wewe rekodi tu, mimi ndio askari leo," alisema akicheka, mwalimu mzima wa hesabu amekaa kwenye kigoda na fimbo ya kufukuzia kuku, ni wanaume wangapi wangefanya hivyo, Ubah alimwuliza swali hilo hilo, Ubah mwenye duka la vitambaa kule Kisii mjini, siku alipokuja kusikiliza wimbo wa kwanza, akakaa pale kitandani, akasikiliza na buibui lake limekunjwa mapajani, akasema, "Mama Brandon, sauti yako iko mzuri sana, lakini hii nyumba inaimba kukushinda," kwa sababu ya mwangwi, kuta tupu zinarudisha kila neno, na juma lililofuata akamtumia mablanketi kwa gari, yale mazito ambayo panya walikuwa wameyaonja pembeni na hayauziki tena, na Orpah akayatundika moja baada ya jingine kwenye kuta za chumba hiki, chumba cha Brandon, mwana wao wa pekee, aliyekwenda chuoni Eldoret na hataki tena kulala kwenye kitanda cha utotoni, na kila blanketi lilipopanda ukutani chumba kikawa kinanyamaza, kinanyamaza, mpaka siku moja alisimama katikati akaimba noti moja tu na noti ikakaa pale pale mbele ya mdomo wake, haikukimbia, na alilia, mtu mzima, mpokezi wa kliniki ya macho, mke wa mwalimu, alilia kwa sababu ya noti… haya, acha, mvua. Kimya cha kupimia kwanza. Ndivyo inavyofanywa, unarekodi kidogo bila kuimba, kimya cha chumba chenyewe, kisha unaionyesha programu, unaiambia hii ndiyo kelele, ikariri sura yake, uiondoe kila mahali utakapoikuta, lakini usiwe na pupa, ukiiambia iondoe sana itakula na sauti, bora kelele uiue pale inapozaliwa kuliko kuja kuifukuza baadaye. Anabonyeza. Mstari mwekundu unaanza kutembea kwenye kioo. Anashikilia pumzi.

Tri, tri, tri-trrr… aah, hapana, anaijua sauti hiyo, hiyo si ya chumba, hiyo ni simu, ni kale kakabambe ka Alfayo, simu ya vitufe asiyotaka kuiacha, inapotaka kuita hukwaruza kwanza kwenye waya kabla haijalia, na alimwambia izime, alimwambia mara ngapi, na kweli sasa inalia huko nje, inakatwa haraka, viatu vinakimbia, vizuri, ameondoka nayo, anaipeleka mbali, mtu mwema, anapita veranda, anazunguka kona ya nyumba, anakuja… anakuja huku, upande wa migomba, anasimama chini ya dirisha hili hili, bila shaka anadhani hapa ndipo mahali pa siri kuliko pote, godoro dirishani, mablanketi ukutani, mke na hedfoni masikioni, nani atasikia, na Orpah anasikia mpaka jani la mgomba linapomgusa mumewe begani. "Obwocha, sema," Alfayo anasema kwa Kigusii, kwa sauti ya chini, ile ya ndugu kwa ndugu, Obwocha ni mdogo wake, ndiye anayekaa na mama yao kule Magwagwa, Orpah ananyoosha mkono auzime mtambo, si adabu kusikiliza, na pia anaharibu kimya, atarekodi upya… "Ati hatatoka ndani? Kwa sababu ya wimbo?" Mkono unasimama hewani. "Alisema hivyo kwa mdomo wake? Kwamba Orpah akiimba yeye atakaa ndani na mlango ufungwe?" Wimbo gani, wimbo huu, mama hataki wimbo huu, mbona, nini, amemkosea nini, na pale nje Alfayo anavuta pumzi, pumzi inaingia kwenye maikrofoni kama upepo, "Obwocha, nisikilize. Mwambie mama asamehe. Mimi niliomba. Nilimsihi huyu mwanamke usiku mzima, nikamwambia ni mama yangu, daktari amesema akae karibu na hospitali, chumba kipo, kitanda kipo. Akakataa. Akasema chumba ni cha kazi yake. Sasa ulitaka nifanye nini, nimfukuze?"

Mstari mwekundu unatembea. Orpah anautazama. Usiku mzima, anasema, usiku upi, Orpah anatafuta usiku huo kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye kikapu, anatoa kila kitu, anakung'uta, haupo, hakuna usiku huo, kuna jioni moja tu, ile jioni Alfayo alirudi kutoka hospitali mama aliporuhusiwa, akavua viatu mlangoni, viatu vina udongo mwekundu, akakaa, akasema, "Mama ataenda kukaa kwa Obwocha," na yeye Orpah akauliza, "Ndivyo anavyotaka?" na Alfayo akasema, huku anaitazama soksi yake, "Ndivyo anavyotaka, mji haumfai," basi, hayo tu, akampakulia chakula, na hakuna aliyeombwa, hakuna aliyesihiwa, hakuna aliyekataa… kwa hiyo ndiyo maana, Mungu wangu, ndiyo maana, ile chupa ya chai aliyobeba mpaka Magwagwa, chai ya maziwa na tangawizi kama mama anavyoipenda, ikakaa juu ya meza tangu asubuhi hadi jioni haikufunguliwa na akarudi nayo ikiwa bado nzito, na mama alivyomsalimia, hakumpa kiganja, alimpa kifundo cha mkono kama mtu mwenye mikono michafu, na mikono ilikuwa safi, Orpah aliiona, akajiambia ni maumivu, maumivu humfanya mtu mkali, na mke wa Obwocha aliyemsindikiza hadi barabarani akasema, "Asante kwa kutuachia, mama si mzigo kwetu," na Orpah akacheka, alicheka, akadhani ni utani wa mawifi, akamwambia na wewe ubarikiwe, na kile kimya cha ukoo aliposema ataleta wimbo, heshima, aliita heshima, walikuwa wanamtazama mwanamke aliyemfungia mlango mkwewe mgonjwa kisha anajitolea kumwimbia, uso wa mbao, walisema hivyo, lazima walisema hivyo, huyu ana uso wa mbao.

Ang'oe godoro. Aling'oe tu, lianguke, dirisha lifunguke, Alfayo aone uso wake pale na simu bado sikioni, aone, aseme kitu, au apige kelele kutoka hapa hapa, jirani asikie, bodaboda wasikie, Sironga yote isikie, mwongo, mwongo we, umekula ugali wangu na jina langu pamoja… mwili haumsikii, umekaa, mikono imeshika ukingo wa meza, na nje Alfayo anasema, "Hapana, usiseme hivyo, Orpah si mtu mbaya," na hilo ndilo linalomchoma kupita yote, anatetewa, amechomwa kisu kisha anapakwa mafuta na mkono ule ule, "si mtu mbaya, ni vile tu amezoea kukaa pekee yake, na huo muziki, unajua, muziki umemwingia sana, mvumilieni," mvumilieni! na anasema kwa upole wa kweli, hiyo ndiyo ajabu, haigizi, Orpah anamjua, amemsikia akidanganya wadai na wazazi wa wanafunzi na sauti yake hupanda kidogo akidanganya, haijapanda, ameusema uongo huu mara nyingi hadi yeye mwenyewe ameuamini, au, subiri, au si uongo wote, au pana kitu anachokijua… kwa nini hakuuliza. Swali dogo namna hiyo. Mama anaweza kuja? Mtu haogopi swali, anaogopa jibu, basi aliogopa jibu gani, na Orpah anajaribu, anafunga macho, anamleta Alfayo jioni ile na viatu vyake vya udongo, anamweka pale kitini, anamfanya aulize, Mama Brandon, mama aje akae nasi, na anasubiri ajisikie akisema ndiyo, bila shaka, aje hata kesho, anasubiri, na ile ndiyo haiji.

Haiji. Anaisubiri tena. Kinachokuja ni chumba hiki kikiwa hakina mablanketi, kitanda kimevutwa katikati, ndoo chini ya kitanda, redio ya mama inayofunguliwa hadi mwisho tangu alfajiri, matangazo ya vifo kwa Kigusii, maombi ya sauti kubwa kabla jua halijachomoza, na maikrofoni ikirudi ndani ya sanduku lake, na yeye akitoka kliniki jioni na miguu imevimba aje amwogeshe mtu mzima, na haya yote hayakuja leo, haya yalikuja jioni ile ile, sasa anakumbuka, Alfayo aliposema mama ataenda kwa Obwocha kuna kitu kilimshuka Orpah tumboni, laini, vuguvugu, kama uji, akageukia sufuria upesi ili kisionekane usoni, lakini Alfayo anamjua uso, wamelala kitanda kimoja tangu kabla ya Brandon, kama yeye anavyojua sauti yake inapopanda naye anajua uso wake unapolegea, alikuwa amekaa pale anatazama soksi, akainua macho, akauona, na hapo ndipo akajua jibu, au akadhani amelijua, akalichukua, akalibeba hadi Magwagwa akalitoa kama limetoka kinywani mwake… basi ni kweli. Hapana. Si kweli, hakusema. Lakini angesema. Angesema? Mama Nyanchera huyu, aliyekuja wakati wa Brandon, Orpah alipotoka hospitalini na mshono unavuja, mama yake mzazi akiwa ameshatangulia, hakuna mtu, na huyu akashuka kutoka Magwagwa na kapu la ndizi kichwani bila kuitwa, akatandika gunia sakafuni kando ya kitanda, akalala hapo mpaka mshono ukafunga, akamwosha, akamwosha kila mahali, na Orpah alipogeuza uso kwa aibu alimwambia, "Usinifiche, mimi pia nilizaa," na hayo maneno, hayo hayo, ndiyo Orpah ameyaweka kwenye ubeti wa tatu, yako pale kwenye kioo, yanasubiri sauti, amwimbie nani, amwimbie mlango uliofungwa?

Labda angekataa. Anajiambia hivyo polepole, kwa mara ya kwanza, bila kugeukia sufuria. Labda jioni ile angekataa, angesema haiwezekani, nafanya kazi, chumba ni kidogo, angelia, angemtajia Alfayo kila kosa tangu harusi, na wangelala migongo imepeana, na usiku, mahali fulani usiku, angelikumbuka lile gunia. Na asubuhi labda Alfayo angeamka akamkuta juu ya kiti anashusha mablanketi, amekasirika bado, anayashusha. Au asingeyashusha. Hajui, na hatajua kamwe, na hilo ndilo aliloibiwa, si jina tu, Alfayo hakumnyima swali peke yake, alimnyima na usiku wa kulifikiria, akamwacha pale kwenye uji wa vuguvugu kana kwamba mtu huishia pale, kana kwamba jambo la kwanza linalompitia mtu tumboni ndilo mtu mwenyewe. Kama ni hapana, ingekuwa hapana yangu. Ningeipeleka Magwagwa mwenyewe, nimwambie mama usoni, anitemee mate akitaka. Na kama ni ndiyo… "Sawa, ndugu yangu. Mbuya mono," Alfayo anamuaga Obwocha, na viatu vinaondoka kwenye migomba, taratibu safari hii, vinazunguka kona, vinapanda veranda, sebule, vinafika, na ngumi inagonga mlango wa chumba kwa upole sana, hodi ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Mama Brandon, Manga imeshafunikwa, hatuna muda. Imba sasa. Nimewanyamazisha wote."

Anaweza kufuta. Ni rahisi, unachagua kipande kwa kidole, unabonyeza, hakijawahi kuwepo, kisha anaimba na Alfayo anamwambia umeimba vizuri na Jumapili wanaenda na mama anakaa ndani. Anaweza kukiacha, amchezee akiingia, amsikilizishe sauti yake mwenyewe mpaka mwisho, na kwa muda mfupi hilo linamvutia, linamvutia sana, analiona, kisha linampita, maana hataki kumkamata, amkamate amfanye nini, mtu akikamatwa hujitetea, na yeye hataki utetezi, anataka jambo dogo ambalo haliko kwenye kompyuta hii wala kule Magwagwa. Anavua hedfoni. Masikio yanamwasha, moto, na dunia inarudi kuwa ndogo, ya kawaida, ya mbali kidogo, kidole bado kiko juu ya kitufe, mstari mwekundu bado unatembea, na nyuma ya mlango mumewe amesimama bila kupumua ili asimharibie.

"Alfayo," anamwita, jina lake tupu, si Baba Brandon, na anasikia mbao ya sakafu ikilia chini ya kiatu.

"Ee? Umemaliza?"

"Sijaanza. Ingia ndani uniulize."

"Nikuulize nini? Mvua…"

"Niulize kama mama anaweza kuja kukaa hapa."

Kitasa kinashuka nusu, kinakaa hapo hapo, hakishuki zaidi wala hakipandi, na Orpah anageuza kiti kuelekea mlangoni, mikono mapajani, anasubiri swali lake, jibu lenyewe hajalijua, tumbo lake limeshasema lake na hajaliamini, na kwa mara ya kwanza tangu alasiri ianze hana haraka.